Leleshwa Haina Mhadhara

Waridi la Olkaria halijui udongo. Mizizi yake imefungiwa ndani ya vipande vya jiwe jepesi la volkano, lile lenye vitundu ambalo ukilitupa majini huelea. Chakula chake huja kwa matone kupitia mpira mwembamba, nacho kimepimwa: naitrojeni kiasi hiki, potasiamu kiasi hiki, chuma kidogo, boroni chembe tu. Juu yake kuna plastiki ya kuzuia mvua. Usiku, baridi ya Bonde la Ufa inaposhuka, mabomba yanayopita kati ya matuta hujazwa maji yaliyopashwa moto na mvuke wa ardhini. Jua likishika, kaboni dioksaidi inayotoka na mvuke huohuo huletwa ndani ili majani yapate ya ziada. Mmea huu hauna shida yoyote duniani isipokuwa ya kukatwa.

Ndivyo kampuni ya Oserian ilivyolipanga jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilipokodi kisima cha mvuke kutoka kampuni ya umeme ya KenGen na kupasha joto vivungulio vya takriban hekta 50. Shamba lenyewe lilianza mwaka 1969 kwa kulima mboga, likaingia kwenye maua mwaka 1982, mwaka mmoja tu baada ya mtambo wa kwanza wa umeme wa Olkaria, wa megawati 15, kuwashwa upande wa pili wa vilima. Kwa hiyo maua na umeme vimekua pamoja hapa, kusini mwa Ziwa Naivasha, na haikuwa ajabu siku moja vikakutana kwenye bomba moja.

Mwanafunzi wa shahada ya kilimo cha bustani akiingia humo anaona daftari lake limesimama wima. Mwaka wa pili alikariri kwamba ndani ya jani kuna kimeng'enya kiitwacho rubisko, ambacho kazi yake ni kukamata kaboni ili mmea uitengeneze sukari, lakini mara kwa mara hukosea kikakamata oksijeni, na sehemu ya kazi ya siku ikapotea bure. Hewa ya kawaida ina kaboni dioksaidi ya asilimia 0.04 tu. Ndani ya nyumba iliyofungwa, maelfu ya majani yakianza kazi alfajiri, hata hiyo kidogo hupungua kabla ya saa nne. Ongeza kaboni dioksaidi, makosa ya rubisko hupungua, shina hurefuka. Jambo alilolichora ubaoni kwa mishale sasa analisikia likivuma kwenye bomba.

Joto nalo lina hila yake. Mgeni hudhani maua yanapashwa moto kwa sababu yanahisi baridi. La hasha, shabaha kubwa ni unyevu. Usiku hewa ikipoa, maji hutulia juu ya petali, na mbegu ya ukungu wa kijivu, ule ambao wataalamu huuita Botrytis, haihitaji zaidi ya utando huo mwembamba wa maji kwa saa chache ili iote. Doa lake la kwanza ni dogo sana kiasi kwamba mpangaji wa maua hulipitisha, nalo hujitokeza vizuri kabisa sanduku linapofunguliwa mnadani Aalsmeer, Uholanzi. Mabomba ya moto huifanya hewa ibebe maji yake bila kuyaangusha. Mvuke unatumika kukausha: nimekuwa nikilitafakari jambo hilo kila ninapopita barabara ya Moi South Lake, na bado linanifurahisha.

Hata hivyo ukavu huo una bei. Kilichomchosha ukungu humnenepesha utitiri mwekundu, mdudu anayestawi penye joto na hewa kavu. Ukimfukuza adui mmoja kwa mlango wa mbele, mwingine anaingia kwa dirisha. Hapo ndipo nilipojifunza botania zaidi kuliko darasani, kutoka kwa mama mmoja wa makamo aliyekuwa skauti kwenye shamba fulani la maua karibu na ziwa. Skauti ni yule anayezunguka vivungulioni siku nzima akiwa na kioo cha kukuzia na karatasi, akitafuta wadudu na magonjwa tuta kwa tuta. Mimi nilikuwa nikikodolea macho matumba.

"Usiangalie ua, kijana wangu," akaniambia. "Ua litakudanganya. Geuza jani."

Nikaligeuza. Upande wa juu lilikuwa na vidoadoa vyeupe ambavyo ningevidhania vumbi. Chini yake, kando ya mshipa wa kati, kulikuwa na nyuzi nyembamba kuliko za buibui, na katikati ya nyuzi viumbe wadogo kama nukta ya mwisho wa sentensi, wanatembea.

"Hawa huanza wapi, mama?"

"Siku zote upande ule wa barabara. Vumbi likiingia, nao wanaingia." Akaandika namba ya tuta, akafunga utepe wa njano kwenye waya, akasonga mbele.

Hakuwa na shahada. Alikuwa na tabia ambayo shahada inapaswa kuizaa: kuanza na jani, kuuliza kwa nini hapa na si pale, kuandika kabla ya kusema. Siku hizi kazi yake imeongezeka uzito, kwani tangu Aprili 2025 Umoja wa Ulaya unadai kila shamba linalouza mawaridi huko lithibitishe hatua kwa hatua jinsi linavyomdhibiti nondo ambaye kiwavi wake hujificha ndani ya tumba. Kiwavi mmoja akipatikana forodhani, shehena nzima inaweza kuzuiwa. Basi kati ya meneja aliyesoma na ndege inayopaa na maua kutoka Nairobi, yupo mama mwenye kioo cha kukuzia.

Swali langu kuhusu kivungulio cha Olkaria si kwamba kinafanya vibaya. Kinafanya vizuri mno. Kila jambo ambalo mmea ungeweza kuliuliza limekwisha kujibiwa na mtu mwingine. Aina ya waridi lenyewe imechanganywa na wazalishaji wa Uholanzi, Ujerumani au Ufaransa, halafu ikajaribiwa hapa kuona kama inastahimili mwinuko wetu wa karibu mita 1,900 na siku zetu za saa kumi na mbili za mwanga. Ikifaa, mkulima huilipia haki ya mzalishaji. Kenya ilijiunga na mkataba wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, UPOV, mwaka 1999, na sheria hiyo ina mantiki yake: aliyehangaika miaka kuunda waridi ana haki ya kula jasho lake. Lakini ina maana pia kwamba mhitimu wetu, pamoja na fisiolojia yake yote ya mimea, anaajiriwa kuutunza mmea wa watu. Anajua kiwango cha chumvi ndani ya maji hadi desimali. Haulizwi kamwe mmea huu ungekuwaje tofauti.

Nasema hivi nikijua vizuri tulikotoka. Katika shule nyingi za Kenya, jembe hupewa mwanafunzi aliyechelewa. Mtoto anakua akijua kwamba kulima ni adhabu na kusoma ni msamaha. Kisha anamaliza kidato cha nne, anaomba udaktari, majina yanatoka, na kumbe amepangiwa sayansi ya mimea. Shangazi anauliza mbele ya wageni: yaani miaka minne chuo kikuu unasomea sukuma wiki? Mtoto hana jibu, kwa hiyo anashika la haraka: kuna kazi Naivasha. Jibu hilo ni la kweli. Mashamba ya maua yameajiri maelfu, na mhitimu mwenye bidii huanza na usimamizi wa kunyunyizia dawa, akapanda hadi umwagiliaji, akafika umeneja. Mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa karo ana haki ya kuliona hilo kabla hajasikia falsafa yangu.

Lakini historia ya elimu hii katika bonde letu ina mizizi inayofaa kutazamwa. Chuo cha Egerton, kule Njoro, kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo iliyoanzishwa na Lord Maurice Egerton wa Tatton kwa ajili ya vijana wa Kizungu waliotaka kuwa walowezi. Kikawa chuo cha diploma mwaka 1950, na chuo kikuu kamili mwaka 1987. Ni shule iliyoundwa kumfundisha mtu kuja na mmea wake kutoka mbali na kuulazimisha ukubali hapa. Walimu wamebadilika, wanafunzi wamebadilika, mtaala umeandikwa upya mara nyingi. Ila kile kiini, kwamba mmea wenye maana ni ule unaosafirishwa, sidhani kama tumekitikisa vya kutosha.

Cha kushangaza, dawa yake iko Njoro kwenyewe.

Walowezi walipopanda ngano nyanda hizo mwanzoni mwa karne ya 20, kutu iliwakata. Kutu ni kuvu anayepasua ngozi ya shina na kutokeza unga mwekundu. Ukipita shambani na suruali nyeupe unatoka na ya rangi ya matofali. Ikawa lazima kutafuta ngano inayoweza kuishi na ugonjwa huu, na kituo cha utafiti wa ngano kilichoanzishwa Njoro mwaka 1927 kimekuwa kikifanya kazi hiyo tangu enzi za ukoloni hadi leo chini ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo. Kisha mwaka 1998 nchini Uganda ikaonekana aina mpya ya kutu ya shina iliyovunja kinga ambayo ngano nyingi za dunia ziliitegemea. Wakaiita Ug99. Norman Borlaug, aliyepata Nobeli ya amani kwa kazi yake ya ngano, alikuja Njoro mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka zaidi ya 90, akaitazama kwa macho yake, akarudi kupiga kengele.

Tangu hapo Njoro imekuwa shamba la aina yake. Nchi kama India, Pakistan na Ethiopia hutuma mbegu za ngano zao, maelfu kwa maelfu kila msimu, zipandwe pale ili ziugue. Unasoma vizuri: ziugue. Kati ya safu hupandwa ngano dhaifu kwa makusudi, zinachomwa sindano yenye maji ya mbegu za kutu, na ugonjwa unaachwa utambae. Baada ya wiki kadhaa watafiti hupita wakitazama shina kwa shina, wakiandika asilimia: hii imeshindwa, hii imejikaza, hii ina vidonda vidogo visivyokua. Ile isiyoangamia ndiyo inayochukuliwa mbegu. Na hakuna ushindi wa kudumu. Aina iliyoitwa Robin, iliyopokelewa kwa furaha na wakulima wa Kenya kwa sababu ilistahimili Ug99, ilipigwa miaka michache baadaye na kizazi kingine cha kutu kilichogundua mlango wake.

Weka sasa mashamba haya mawili mezani. Olkaria wanatumia joto la tumbo la dunia ili mmea usiugue hata usiku mmoja. Njoro wanaualika ugonjwa rasmi, wanauandalia maji, wanakaa kuutazama. La kwanza linaleta fedha za kigeni na sina dharau nazo. La pili linaleta ujuzi ambao haukuwepo jana. Shahada ya miaka minne ingetosha kuyafundisha yote mawili, lakini wanafunzi wengi niliozungumza nao hutoka wakilijua la kwanza kwa mikono na la pili kwa mtihani.

Na kuna shamba la tatu, lisilo na mwenyewe wa kulipigia mahesabu. Liko nje ya ua wa vivungulio, kwenye miteremko ya Olkaria yenyewe na ndani ya Hifadhi ya Hell's Gate iliyotangazwa mwaka 1984, katikati ya mabomba ya rangi ya fedha yanayopinda juu ili twiga wapite chini yake. Mmea unaotawala huko ni leleshwa. Kila aliyewahi kusafiri kati ya Naivasha na Elementaita ameuona, hata kama hakuutazama: kichaka cha kijivu, kirefu kumpita mtu, ambacho upepo ukikigeuza majani kinakuwa cheupe. Uchume jani lake. Juu ni kijani kilichofifia. Chini limevaa manyoya meupe yaliyoshikana, yanayoituliza hewa juu ya matundu ya kupumulia ili maji yasitoroke. Lifikiche, harufu ya kafuri inakupanda puani. Wamasai, wenyeji wa vilima hivi, wamelitumia jani hilo kwapani tangu kabla ya duka la kwanza kufunguliwa Naivasha. Wachoma mkaa wanaupenda mti wake. Wakiukata, kisiki huchipua tena.

Kwa jina la kitaalamu ni Tarchonanthus camphoratus, na uko ukoo mmoja na alizeti. Hapo ndipo napata raha ambayo pengine ni ya watu wachache. Maua ya kwanza kulimwa kibiashara kwa wingi Naivasha, mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuingia ya 1970, yalikuwa krisanthemumu za kampuni ya Kidenmaki. Krisanthemumu ni wa ukoo huohuo. Na pareto, zao lililoipa Nakuru bodi yake na kuifanya Kenya kwa miongo mingi kuwa muuzaji mkubwa zaidi duniani wa dawa ya wadudu itokanayo na ua, ni wa ukoo huohuo. Watatu ndugu. Mmoja aliletwa kwa ndege akapewa plastiki. Wa pili aliletwa kwa mbegu, akapewa bodi, na bodi ikaporomoka. Wa tatu alikuwa hapa siku zote, na hana hata mhadhara mmoja. Pareto ilitushika kwa sababu mtu aliwahi kuuliza kuna nini ndani ya ua lile linaloua nzi. Ndani ya jani la leleshwa kuna nini, mbali na harufu? Kemia yake imeguswaguswa hapa na pale, lakini darasani haipo.

Nitaongeza jambo la ardhi yenye moto. Karibu na matundu ya mvuke, leleshwa hurudi nyuma. Joto likiwa juu sana kwenye udongo wa karibu, mizizi mirefu haiwezi kushuka, na nafasi yake huchukuliwa na majani mafupi ya jamii ya ndago, likiwemo Fimbristylis exilis, ambalo wachunguzi wa jotoardhi nchini Kenya hulitazama kama dalili kwamba chini pana moto. Kwa maneno mengine, kabla ya mashine kuletwa kuna mmea uliokwisha kupima. Wazee wa Kimasai walioishi kwenye vijiji vilivyohamishwa mwaka 2014 kupisha mradi wa Olkaria IV walikuwa na hesabu zao juu ya vitu hivi: wapi nyasi hubaki kijani wakati wa kiangazi kwa sababu ya mvuke unaogeuka umande, gome lipi la kutia kwenye supu ya nyama, kichaka kipi mbuzi hukipita njaa ikiwepo. Malalamiko ya uhamisho ule yalifika hadi Benki ya Dunia, zikazungumziwa ardhi, nyumba na barabara, na ilistahili. Ujuzi wa mimea haukuwa kwenye orodha ya fidia, maana hakuna aliyejua bei yake.

Orodha ya majina tunayo. Kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki ya kitropiki, kilichoanza kuchapishwa mwaka 1952, kilikamilika mwaka 2012 kikiwa na spishi zaidi ya 12,000, na vielelezo vilivyokaushwa vimehifadhiwa Nairobi na kwenye bustani ya Kew, Uingereza. Ni kazi ya heshima. Lakini kielelezo kilichokauka hakisemi mmea hufanya nini saa nane usiku kando ya kisima kinachotoa harufu ya yai bovu.

Hilo, kwa kweli, ndilo swali ambalo ningempa mwanafunzi wa mwaka wa nne anayetafuta mradi. Ile harufu ni haidrojeni salfaidi. Salfa ni chakula cha mmea, na majani yanaweza kuinyonya moja kwa moja hewani. Ikizidi, ni sumu. Leleshwa zinasimama kwa umbali tofauti kutoka kwenye visima, kwenye udongo ule ule wa majivu, chini ya mvua ile ile. Je, zile za karibu zinalishwa au zinaumizwa? Majani yao ni madogo? Manyoya ya chini ni mazito zaidi? Jinsia nazo zimetengana, kichaka cha kiume mbali na cha kike: je, zote mbili huzaa maua kwa wakati mmoja upande wa mvuke na upande usio na mvuke? Vifaa ni rula, kipimajoto cha udongo, kioo cha kukuzia, daftari na ruhusa ya kuingia hifadhini. Mabasi ya vyuo huja Naivasha kila muhula kutembelea mashamba ya maua. Hell's Gate iko pua na mdomo na barabara ambayo mabasi hayo hupita.

Msimamizi wake bila shaka atamuuliza soko la utafiti huo liko wapi. Amjibu kwamba ile ngano ya Njoro iliyoshikwa na kutu nayo haijawahi kuuzwa hata gunia moja.